Jina Moja kwa Pembe ya Mngoya

Hapo zamani, nanyi mlio nyuma sogeeni, palikuwa na mji uliopata habari zote kinywani mwa Mngoya. Akipuliza pembe yake, hata vinu vilinyamaza.

Basi uvimbe ukamwota chini ya ulimi, ukakua, ukakua. Waganga wakasema ni saratani, ulimi ukatwe. Mngoya akalia sana, maana mpiga mbiu asiye na ulimi atamwambia nani nini?

Akaja Bi Nyange, aliyehangaikia dawa moja miaka kumi na miwili, akamchoma mshipani. Akaeleza kwamba dawa hiyo ikiingia mwilini hulala, na mwanga ukiigusa huamka ikaunguza. Kwa hiyo Mngoya asilione jua siku thelathini.

Siku ya nne akaja Fundi Chande, mtengeneza vioo, na mwale wa mwanga, mwembamba kama sindano. Akauelekeza kwenye uvimbe. Hapakuwa na kisu wala moto. Katika kioo cha fundi, Mngoya aliona kinywa chake mwenyewe kiking'aa chekundu gizani. Uvimbe ukafa, ulimi ukabaki.

Mkewe, Mwanahawa, alikuwa ameziba kila ufa kwa udongo, akimlisha uji kwa kupapasa. Ndugu walikuja kumjulia hali, kama ada ilivyo; akawazuia mlangoni. Mama mkwe akamwita mchawi. Siku ya ishirini shemeji akavunja mlango, jua likaingia. Mwanahawa akamlalia mumewe na kanga zake zote, akapigwa, hakubanduka.

Siku ya thelathini na moja Mngoya akatoka, mji mzima ukimtazama kwa kicho. Na desturi yao ni hii: mpiga mbiu akipona hutangaza jina moja tu, la aliyemponya, na jina hilo hupewa mji mwaka mzima.

Bi Nyange akasema, "Bila dawa yangu, mwanga ungekuwa mwanga tu."

Chande akasema, "Dawa ilikuwa imelala. Niliyeiamsha ni mimi."

Mwanahawa naye akaulizwa. "Mimi ningemtaka hata bila ulimi," akasema. "Ila jua lilimjia, nikasimama katikati."

Mngoya akawatazama wote watatu, machozi yakimtoka. Akapuliza pembe. Watu wakashusha mizigo yao, wakangoja. Akafungua kinywa.

Nanyi mlionisikiliza, ulimi huo ungekuwa wenu, mngemtaja nani?