Pembe Isiyokazwa Husafiri

"Pembe isiyokazwa husafiri." Mmeisikia, mmecheka, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, Makambako, katika karakana ya Fundi Mlowe.

Mlowe alikuwa amekata mbao kwa msumeno wa mkono miaka thelathini. Binti yake Yusta alikuwa ameposwa, naye akaazimia kumtengenezea fremu ya kioo kwa mbao za kitanda cha marehemu mama yake Yusta, kitanda ambacho binti huyo alizaliwa juu yake. Ulikuwa mti mgumu wa mninga, mkavu kama mfupa. Alipima mara tatu. Ulitosha vipande vinne, ikabaki shubiri moja tu. Mninga mwingine wa kitanda hicho haukuwepo duniani.

Wiki hiyo karakana ilipata msumeno wa umeme wa kukatia pembe, wa mtumba. Aliyeuleta ni Atuganile, msichana aliyefundishwa useremala na Mlowe huyohuyo kabla hajaenda kufanya kazi Mbeya.

"Fundi, njoo nikuonyeshe sehemu zake kwanza."

"Sehemu gani? Hii meza, inazunguka. Huu ukuta, ubao unauegemea. Hii kinga ya meno. Mshale huu unasoma digrii. Nimesahau nini, mwalimu?"

"Na hicho kifundo cheusi hapo mbele?"

"Si cha kushika ukizungusha meza! Binti, nilikata pembe wewe hujaota meno."

Mlowe akaushika mkono wa msumeno, akakata vipande viwili vya ule mninga, akaviunganisha. Kwenye kona pakaachama pengo la kuingiza kucha.

"Umetuletea bati," alifoka. "Meno butu haya!"

"Meno hayana kosa, fundi. Soma mshale."

Mlowe akainama. Arobaini na tatu.

"Uliweka ngapi?"

"Arobaini na tano," akajibu, sauti imeshuka.

"Kituo chake, kijino kinachoishika meza kwenye digrii, kimelika. Kifundo hicho si cha kushika tu, ni cha kukazia. Usipokikaza, meno yakiingia kwenye mti mgumu, meza inatembea."

Mlowe akaitazama ile shubiri iliyobaki. Akikata upya ingeisha karibu yote, na akikosea tena, kitanda cha mama Yusta kingekuwa kuni. Akavuta kigoda, akakaa.

"Mwanangu, nitajie sehemu zote. Usiruke hata moja."

Atuganile akataja, Mlowe akigusa kila moja kwa kidole. Walipofika kwenye kifundo, alikikaza, akaisukuma meza kwa kiganja. Haikutikisika. Ndipo akakata. Kona zote nne zikafumba. Kilichobaki ni kipande cha ukubwa wa kiberiti, akakitia mfukoni.

Jumamosi iliyofuata wakwe walikuja kupanga siku ya harusi. Mshenga wao alikuwa mtu wa maneno laini.

"Tutaangalia, wazee wangu. Labda Septemba, labda Oktoba, Mungu akijalia."

Wazee wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Mlowe akatoa kile kipande cha mninga, akakiweka mezani mbele ya mshenga.

"Mzee mwenzangu, pembe isiyokazwa husafiri. Taja siku."

Mshenga alikigeuza kipande mkononi, hakuelewa kitu. Lakini siku aliitaja, na Yusta akaolewa siku hiyo iliyotajwa, kioo chake kikiwa kimetangulia kwenye gari la mizigo.

Basi mkiona watu wanakubaliana kwa vichwa tu, halafu wananyanyuka kwenda zao, msione haya kusema: pembe isiyokazwa husafiri.