Mdhamini wa Mti

Ndugu zangu, kulikuwa na mjane mmoja aliyeishi milimani, kandokando ya msitu wa mvua. Marehemu mumewe alimwachia mti mmoja mkubwa ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta, na mafuta hayo ndiyo yaliyomlisha. Lakini mti wenyewe ulikuwa na kiburi. Ulizaa ulipotaka! Ungezaa hadi matawi yainame, kisha ukae kimya mwaka hadi mwaka, hata ua usitoe.

Safari hii ukimya ulizidi. Shemeji yake, aliyekwisha kuona mbao pale penye mti, akaja na shoka na wazee wa ukoo. Kwao huko mti ukigoma kuzaa huhukumiwa: mmoja huinua shoka, mwingine huudhamini. Akikosekana mdhamini, mti huangushwa.

"Nani anaudhamini?" shemeji akauliza.

"Mimi."

"Mama hamdhamini mwanawe, shemeji. Anatakiwa mtu wa nje, asiyekupendelea."

"Hata adui yangu?"

"Huyo ndiye hasa!" Wazee wakacheka.

Mjane akapiga magoti, akafukua udongo chini ya majani makavu. Asipompata je? Akainuka na buu mweupe, amejikunja kiganjani kama mtoto usingizini.

"Huyu ni fukusi, hajaota mbawa. Mavuno yaliyopita alinilia mbegu, kisha akajizika hapa. Tangu siku hiyo hajala kitu. Mbegu za mti mwingine hazitaki, anausubiri huu." Akamgusa kwa kidole. Buu akajinyonganyonga. "Yu hai! Haya, niambieni wazee wangu, mwizi huvizia nyumba tupu? Kata, shemeji, kama unaujua mti kuliko huyu aliyeuwekea tumbo lake rehani!"

Shemeji akalishusha shoka bila kukata, mti ukaachwa.

Je, mti ulizaa mwaka uliofuata? Haukuzaa. Shemeji akawa akipita anakohoa kwa dharau, naye mjane anaendelea kufagia chini ya mti, tayari kwa mavuno. Ndipo mvua moja ikaja, mti ukachanua wote. Mbegu zikaanguka kama mawe. Fukusi wakaamka, wakala, wakashiba, wakashindwa kuzimaliza! Na aliyekuja wa kwanza na chupa kuomba mafuta ni nani? Shemeji.

Sasa sisi. Msimu mmoja ukikauka, tunasema Mungu ametusahau, tunatafuta shoka wenyewe. Wewe unayelia kwamba adui hakuachi, umewahi kujiuliza amekaa mlangoni pako anangoja nini? Amejilaza gizani, na njaa yake, kwa sababu ana hakika utazaa. Aibu iliyoje, ndugu zangu, mdudu awe na imani na mti wetu kuliko sisi tuliopewa! Mwambieni mwenye shoka arudi kwake. Sisi tunafagia chini ya mti.