Mstari Mmoja kwenye Jalada la Punda Kinyozi

Sogeeni, na mnaopenda ubishi kaeni mbele, maana leo kazi ni yenu. Pale Ngamiani, Tanga, palikuwa na watu watatu wa nyumba moja. Bi Mwanahawa hakujua kunyima. Shemeji yake, Hemedi, hakujua kutupa kitu. Na Mishi, binti wa Bi Mwanahawa, hakujua kusahau. Ukimwambia neno leo, mwaka kesho atakurudishia vilevile, na kikohozi chako juu.

Mishi alipokuwa na miaka sita aliugua surua. Jumamosi hiyo ndiyo katuni mpya ilikuwa inaanza kwenye televisheni, Punda Kinyozi, na mtoto macho yamevimba hayafunguki. Alilia jamani! "Mama, itanipita!"

Kanda tupu ya kurekodia haikuwepo. Bi Mwanahawa akafungua kabati, akatoa kanda ya harusi yake, akaziba kwa selotepu kile kitundu cha kuzuia isifutwe, akaitia kwenye deki, akabonyeza kitufe cha kurekodi. Keki, ngoma, mashangazi na vilemba vyao, vyote vikafutika, akaingia punda na mkasi wake. Mumewe aliporudi alishika kiuno. "Mke wangu, harusi yetu!"

"Bwana harusi si huyu hapa ninaye?" akajibu, na Mishi alipopona akaitazama kanda ile mpaka majirani wakaomba wahurumiwe.

Miaka ikaenda. Deki zikafa, zikaja sidii, kanda zote zikapelekwa jalalani. Hemedi akaiokota ile moja. Miaka ishirini mizima, kila mvua zikiisha, aliifungua, akaifuta ukungu kwa kitambaa, akaizungusha kwa kidole mbele na nyuma isigandane. Mkewe akamnunia: "Wenzako wanatunza dhahabu, wewe unatunza punda!" Hemedi alicheka tu, akaendelea kuzungusha.

Mwaka jana mtunzi wa katuni ile akataka kuitoa yote kwenye dividii, watoto waitazame majumbani. Kumbe sehemu ya kwanza imepotea, hata yeye hana! Akatangaza redioni. Hemedi akampelekea kanda. Picha safi, lakini sauti imekufa mwanzo hadi mwisho. Punda anafungua mdomo, kimya.

Mishi, siku hizi mwalimu wa chekechea, akasema, "Niwekeeni kipaza sauti." Akanguruma simba, akalia punda, akaimba na wimbo wa kunyoa. Mtunzi alifuatilia kwenye karatasi zake za zamani za maneno ya katuni. Hata chafya ya simba haikukosekana. Mzee wa watu alilia kwa furaha.

Kesho yake akapiga simu. "Jalada lina nafasi ya mstari mmoja. Nitaandika: Imeokolewa na fulani. Nipeni jina moja, mashine inaanza kuchapa mchana huu."

Wee! Nyumba ikachemka.

"Mimi nimetoa harusi yangu!" akasema Bi Mwanahawa.

"Shemeji, hiyo zawadi yako ingeliwa na ukungu!" akasema Hemedi.

"Nanyi mngewaonyesha watoto punda bubu!" akasema Mishi, na wote watatu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kicheko kilipoisha, Bi Mwanahawa akamsukumia binti yake simu. "Sema wewe, mwanangu. Utakalosema tumekubali." Hemedi akaitikia kwa kichwa.

Mishi aliutaka mstari ule, msimwone hivi. Alitaka wanafunzi wake wasome na kupiga kelele, "Mwalimu wetu!" Lakini mbele yake ameketi mama ambaye jina lake halijawahi kuchapwa popote ila kwenye kitambulisho, na baba mdogo aliyechekwa miaka ishirini.

"Haya, nasikiliza," mtunzi akasema. Mishi akafungua mdomo.

Na msiniambie awataje wote. Nimeshasema, mstari ni mmoja. Haya, wewe uliyekaa mbele: ungekuwa Mishi, ungetaja jina la nani?