Kwa Nini Mkubwa Hutangulia Darajani Lukwale

Hapo kale mto Lukwale ulivukwa kwa kamba, na kila masika ulichukua watu wake. Ndipo Mwene Shelukindo akaagiza daraja la mawe, naye fundi Mbonea na mdogo wake Senkoro wakalijenga. Walisimamisha kiunzi cha mbao, wakapanga mawe juu yake kuwa tao, wakayaunga kwa chokaa. Chokaa ile ilitaka miezi minne ikauke, ndipo mbao zitolewe. Na siku ya kuzitoa, waashi walikuwa na desturi yao: aliyejenga husimama chini ya tao, aijibie kazi yake kwa uhai wake.

Mwezi wa pili haujaisha, Mwene akataka harusi ya bintiye ipite darajani.

"Toeni mbao," akaamuru mbele ya wageni.

Mbonea aliijua chokaa yake. Lakini nani aliwahi kumkatalia Mwene mbele ya wageni? Akainamisha kichwa. "Sawa, Mwene."

"Kaka, nitasimama mimi," Senkoro akamwambia. "Wewe una watoto."

Na Mbonea, Mungu amsamehe, akakubali.

Tao lilishuka lote kwa mpigo mmoja. Walipomtoa Senkoro chini ya mawe, Mwene alikuwa bado na kilemba chake cha harusi kichwani. Akasema fundi hajui kazi.

Mbonea akajenga upya. Safari hii mbao zilikaa mwaka mzima, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alitamani kuweka jiwe moja bovu, moja tu, lakini mikono ikamkatalia. Mbao zilipotolewa alisimama chini mwenyewe. Kisha akapanda juu, akaziba njia.

"Mwene, mara ya kwanza alitangulia mdogo wangu. Leo tangulia wewe, peke yako."

Watu wakabaki ukingoni, hakuna aliyeinua mguu. Mwene akavuka, akilijaribu kila jiwe kwa ncha ya mguu. Daraja halikutikisika hata kidogo. Wanawake wakapiga vigelegele, na Mbonea akalia kwa uchungu, maana alikuwa amejenga vizuri mno.

Na tangu siku hiyo, akija mkubwa yeyote darajani Lukwale, hushuka akavuka peke yake, nasi tukamngojea ukingoni. Wao hutupungia mkono, wakidhani ni heshima. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga. Sisi tunampisha, tena tunayatazama mawe.