Mtama wa Korongo na Njia ya Chui

Paukwa!

Pakawa!

Mliokaa nyuma, sogeeni. Wenye watoto wapakateni, maana ngano ya leo ina hofu ndani yake, na hofu hupungua watu wakikaa karibu karibu.

Hapo zamani za kale, katika nyika ya miiba na vichaka, mvua iligoma. Mwaka wa kwanza iligoma, wanyama wakasema itakuja. Mwaka wa pili iligoma, wakanyamaza. Mwaka wa tatu majani yakawa vumbi, vumbi likaingia machoni, na waliolala na njaa wengine hawakuamka.

Katika nyika hiyo aliishi digidigi jike, jina lake Sikudhani. Digidigi mnamjua. Swala mdogo, miguu kama vijiti, macho makubwa, moyo unadunda hata akiwa amelala. Mumewe aliitwa Mbaruku, na mtoto wao Kidawa. Digidigi hatembei uwanjani. Kichaka ndiyo nyumba yake, kichaka ndiyo ngao yake.

Jirani yao alikuwa Mzee Mhanga, mwenye pua ndefu na kucha za kuchimbia. Njaa ilipozidi, Mhanga alianza kuchimba kisima katika mchanga wa mto mkavu. Kwaru, kwaru, kwaru. Kila asubuhi kwaru, kwaru. Alisema maji yako chini, ameyanusa. Wenye nguvu kidogo wakamsaidia kutoa mchanga.

Basi siku moja anga likajaa mabawa. Walikuwa korongo, ndege warefu wa nchi za mbali. Walipita juu, wakatazama chini, wakaona mbavu za wanyama zinahesabika. Wakalia. Walilia kweli, msidhani walikuwa wanafiki. Kiongozi wao, Bibi Korongo, akasema hawezi kupita hivi hivi. Wakarudi walikotoka, wakaja na mtama, kila mmoja na mzigo wake shingoni. Wakaumwaga katikati ya uwanja mweupe usio na mti wala kichaka.

Bibi Korongo akatoa amri. Kila asubuhi korongo watagonga midomo, ko ko ko ko, na wanyama wote waje uwanjani. Asiyekuja hapati. Alitaka wawe peupe, ili yeye akiwa juu awaone, ajue wote wamekula.

Hakumwuliza mtu. Na mwenye njaa hana nguvu za kubisha.

Mtama ule ukahitaji mlinzi. Akajitokeza Chui. Alikuja taratibu, makucha kayaficha, sauti kailainisha. Akamwambia Bibi Korongo kwamba yeye hali mtama, kwa hiyo hawezi kuuiba. Bibi akaona hilo ni neno la akili. Chui akawa mlinzi. Chui akawa mgawaji. Chui akawa msemaji pia, kwamba mwenye shida asimsumbue Bibi, aseme na Chui.

Sikudhani aliposikia habari hizo alirudi nyuma ndani zaidi ya kichaka. Akamwambia mumewe kwamba ni heri kutafuna miiba kuliko kusimama uwanjani mbele ya Chui. Mbaruku akamtazama mtoto. Maziwa ya mama yalikuwa yamekauka, na Kidawa alikuwa hawezi tena kulia.

"Mama Kidawa," akasema, "nami naogopa. Lakini mtoto hanyonyi woga. Twende."

Wakaenda. Wakala. Mtama ukawa mtamu, nguvu zikarudi, Kidawa akasimama. Wanyama wakamshukuru Bibi Korongo. Mzee Mhanga naye alikwenda, afanyeje? Asubuhi ndiyo saa ya kuchimba, na asubuhi ndiyo saa ya mtama. Kwaru kwaru ikanyamaza. Mchanga ukaanza kurudi kisimani, kidogo kidogo.

Sasa sikilizeni. Kutoka uwanjani kurudi vichakani njia ilikuwa moja tu. Ilipita katikati ya mawe, kwenye nyasi ndefu kavu. Wanyama walirudi kwa njia hiyo wameshiba, na aliyeshiba baada ya njaa ndefu hutembea polepole.

Siku ya tano Kwale hakuonekana. Siku ya tisa Kanga hakuonekana. Bibi Korongo akauliza wako wapi. Chui akamjibu kwamba wamehama, wamekwenda kusini kwa ndugu zao. Bibi akafurahi, akasema heri wamepata nguvu za kusafiri.

Wanyama walijua. Walijua wote, na hakuna aliyesema. Aliyemtazama Chui machoni alipimiwa punje chache. Aliyeuliza habari za jirani yake hakupewa kabisa. Wakajifunza kula wameinamisha vichwa.

Siku ya kumi na tatu Sikudhani alikuwa akirudi, yeye mbele, Kidawa katikati, Mbaruku nyuma. Nyasi zikafanya shwaa. Kisha kimya. Akageuka. Mbaruku hayupo. Vumbi tu, linashuka polepole. Alitaka kupiga mbinja, ule mluzi wa digidigi wa kuonya, ikamkwama. Akamsukuma mtoto mbele, wakakimbia, pu pu pu pu, mpaka ndani ya kichaka, na humo walijificha mchana kutwa.

Kesho yake midomo ikagongwa, ko ko ko ko. Kidawa akamtazama mama yake. Na Sikudhani akaenda. Mnasikia? Alikwenda. Alipita njia ile ile, akakanyaga pale pale. Chui akampimia mtama, akamwongezea kidogo, akamwinamia sikioni.

"Mumeo amehama, sivyo?"

Sikudhani akainamisha kichwa juu ya mtama. 

"Ndiyo," akasema. "Amehama."

 Alipofika kichakani alimlamba mtoto, akaona shingo yake ilivyo nyembamba. Akajua kwamba aliyesema ndiyo leo, kesho atasema ndiyo kwa Kidawa.

Jua lilipofika utosini, saa ambayo Chui husinzia, Sikudhani alimpeleka Kidawa shimoni kwa Mzee Mhanga. Akamwomba amtunze kama hatarudi. Mhanga alimsihi asiende. Sikudhani alikwisha kutoka. Alinyata kwenye njia ile ya mawe, akavuka uwanja mtupu peke yake, na kila hatua ngozi ya mgongo ilimcheza. Bibi Korongo alikuwa amesimama kwenye dimbwi lililokauka, mguu mmoja juu. Akashangaa kumwona. Akamwambia kwa upole kwamba mwenye shida aseme na Chui.

"Shida yangu ni Chui," Sikudhani akasema. "Mume wangu hakuhama. Aliliwa. Na Kwale aliliwa, na Kanga aliliwa, njiani, wakitoka kula mtama wako."

Bibi Korongo akakataa. Akasema huwatazama kila siku kutoka juu, wala hajaona damu hata tone.

"Wewe unatuona kutoka juu, Bibi. Chui anatuona kutoka ubavuni. Kama husadiki, usiruke leo. Njoo utembee na mimi njia tunayorudia."

Bibi Korongo hakuwa mwoga, wala hakuwa mwongo. Akakubali. Wakaenda wote wawili, yule mdogo mbele, yule mrefu nyuma. Walipoingia kwenye nyasi ndefu upepo ukakatika. Huku jiwe, huku jiwe. Bibi alijaribu kunyoosha mabawa, yakagota kwenye mawe. Hapo ndipo alipoelewa kwamba mahali hapa hata yeye hawezi kuruka. Akaanza kusikia kila kitu. Jani likianguka, anasikia. Moyo wa digidigi, anausikia. Moyo wake mwenyewe, anausikia.

Mbele yao, chini ya jiwe, palikuwa na manyoya ya Kanga, meusi yenye madoadoa meupe. Kando yake pembe mbili ndogo, fupi kama vidole. Sikudhani akazinusa, akafumba macho.

"Umepotea njia, Bibi?" sauti ikauliza kutoka juu ya jiwe.

Chui alikuwa amelala pale, mkia unaning'inia. Hakuonyesha hasira. Akasema analinda njia, maana siku hizi pana wezi. Akamwomba Bibi arudi uwanjani, amwachie huyu mdogo, atamfikisha nyumbani yeye mwenyewe. Bibi Korongo akatazama pembe. Akatazama manyoya. Akasema hatamwacha.

Chui akashuka. 

Sikudhani akapiga mbinja ile iliyomkwama siku ya Mbaruku. Zwii! Zwii! Akajitupa kulia, kwenye upenyo mwembamba baina ya mawe, na Bibi Korongo akajisukuma nyuma yake, mabawa yakichubuka. Makucha yakapita, kwaa. Mguu wa Bibi ukachanika, manyoya yake yakabaki mikononi mwa Chui. Wakatokea upande wa pili, kwenye miiba, na Chui hapiti kwenye miiba kama digidigi. Walikaa humo wakihema. Bibi Korongo, mrefu, mwenye mabawa, wa nchi za mbali, alijikunyata ubavuni mwa kile kiswala.

Alasiri korongo walifanya baraza kando ya miiba hiyo. Wengi walisema waondoke, kwa kuwa chakula chao kimeua. Sikudhani aliposikia hivyo hofu ilimshika upya, kubwa kuliko ya Chui.

"Mkiondoka tutakufa," akawaambia. "Mkibaki hivi tutakufa. Hamjatuuliza hata mara moja. Tuulizeni."

 Kisha Bibi Korongo akachechemea mbele, akainamisha shingo mpaka macho yake yakalingana na macho ya digidigi, akauliza.

Tangu siku hiyo mtama haukumwagwa uwanjani. Korongo waliupeleka kichaka kwa kichaka, leo saa hii, kesho saa nyingine. Mzee Mhanga alipata fungu lake mtoni, akachimba tena, na korongo wakabeba mchanga kwa midomo. Siku ya ishirini maji yalitoka, machafu kidogo, baridi. Wakabakiza mtama, wakaupanda kando ya kisima.

Chui hakufa. Sitawadanganya. Alizunguka vichaka siku nyingi, akamwita Sikudhani kwa jina, kwa sauti ile laini, na Sikudhani alimfunika Kidawa kwa mwili wake asipumue. Lakini Chui hakukuta tena kundi limekusanywa kwa ajili yake. Akakonda, akavuka vilima. Mtama ukachipua. Kidawa akakua, akajifunza kupiga mbinja.

Sasa enyi wadogo na wakubwa, shikeni hili. Anayesaidia bila kumwuliza anayesaidiwa huenda akamlisha adui wake. Na wewe uliyeiona hatari, usinyamaze kwa sababu umeshiba, maana kinywa kinachokubali uongo leo kitamtoa mwanao kesho.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliyeogopa amshike jirani yake mkono, tuinuke pamoja.