Neno la Mwenye Kiti

Hapo zamani, katika mji mmoja ambao liwali wake alipenda mno mashauriano, mradi yaishe kwa kukubaliwa yeye, alikuwako maskini jina lake Msabaha. Hakuwa na kitu duniani ila binti, Mwanakheri, aliyesoma katika chuo kilichovuja hata mvua ikawa inafuta vibao vya watoto kabla mwalimu hajavitazama. Mtoto alirudi nyumbani akikohoa, na kila kikohozi kilimchoma baba yake moyoni.

Basi wazazi wakachanga fedha za kuezeka makuti mapya. Liwali Hemedi aliposikia kuna fedha zimekaa bure, huruma ikamjaa ghafla, akajifanya mkuu wa baraza la wazazi na mwalimu, akawaita.

"Enyi wazazi," akasema, "nimekesha nikiwaza elimu ya watoto wenu, nami nimeona kilichopungua ni kiti. Hiki nikikaliacho si kiti, ni kuni. Tutanunua cha mpingo, chenye nakshi za pembe."

Msabaha, aliyeketi mkekani na wenzake, akauliza, "Na shauri hilo, bwana wangu, litakatwaje?"

"Kwa haki tupu! Kila mtu atasema apendavyo, kisha litafuatwa neno la mwenye kiti. Wakaao mkekani kazi yao kusikiliza, na kusikiliza ni heshima kubwa."

"Heshima iliyoje!" akasema Msabaha. "Basi tupe hadi Ijumaa, bwana wangu, tujiandae kuipokea."

Liwali, ambaye sifa hakuwahi kuzikataa, akakubali, na kadhi wa mji, aliyekuwapo pale barazani, akaishuhudia sheria ile.

Ijumaa ikafika. Ikawa wazazi wanaingia barazani, huyu na kigoda kichwani, yule na kiti cha kamba mgongoni, na bibi mmoja na mbuzi yake ya kukunia nazi, maana nayo hukaliwa. Wakaketi kwa adabu zote. Msabaha alikuwa ameazima kigoda kibovu, akakikalia kwa upande mmoja.

"Upuuzi gani huu?" Liwali akafoka.

"Si upuuzi, bwana wangu, ni sheria yako. Sisi sote ni wenye viti, na neno letu ni makuti."

"Mwenye kiti ni mimi!"

"Nani athubutu kukukadhibisha? Ila ulitwambia mwenyewe kwamba hicho si kiti, ni kuni. Na mwenye kuni hakutajwa katika sheria."

Liwali akamgeukia kadhi. Kadhi, ambaye mjukuu wake alilowa katika chuo kile kile, akainamisha kichwa, akasema, "Ndivyo ulivyonena, bwana."

Bibi wa mbuzi akaangua kicheko, baraza zima likamfuata, na Liwali, alipoona amebaki peke yake na hasira zake, naye akacheka. Juma lile lile chuo kikaezekwa.

Tangu hapo Liwali akawa akiwasimulia wageni kwamba paa lile lilikuwa wazo lake, naye Msabaha humwitikia kwa unyenyekevu, "Kabisa, bwana wangu," maana Mwanakheri alikuwa amekwisha acha kukohoa.