Tone la Jongoo Bahari

Paukwaaa!
—Pakawaaa!
Pakawa maji ya chumvi! Na chini ya maji?
—Wamo! Tuambie!

Hapo kale, mwambani, alikaa samaki Mama Chewa, domo pango, tumbo pipa. Akaweka sheria: "Kutaga ni mbele yangu. Mmoja mmoja!" Akaja Chaza, akataga, Chewa akafyonza, fyooo! Akaja Kiti cha Pweza, yule wa mikono mitano kama nyota, akataga, fyooo! Halikupona hata yai moja.

Mwaka wa pili foleni ikapangwa tena, na wa mbele ni Jongoo Bahari. Hana jino, hana mfupa, anajivuta vururu, vururu, tumbo limejaa mayai. Mwaka jana Chewa hakumwachia hata mtoto wa kumtuma maji! Uchungu ule haujamtoka.

Njiani akakumbuka maneno ya bibi yake: "Mwilini mwetu mna tone, mjukuu wangu. Anayelionja, mayai yake huamka, akataga papo hapo. Ni dawa ya kale, ilikuwapo kabla ya mifupa, kabla ya magamba."

Jongoo akasimama ghafla. Kabla ya magamba? Basi hata Chewa mwenye magamba ameirithi, itamwamsha! Jongoo hana moyo, lakini siku hiyo ulimdunda, du-du-du!

"Shikamoo, Mama Chewa."

"Marahaba. Taga!"

"Nitataga, mama. Ila mayai bila mchuzi si yatakukwama?"

"Kuna mchuzi? Lete!"

Jongoo akainuka wima, akadondosha: to! Chewa akafyonza: fyooo!

"Mtamu! Ongeza!"

To! Fyooo! To! Fyooo!

Mara tumbo la Chewa likanguruma, nguru-nguru-nguru. "Wee Jongoo, umenifanya nini?"

"Taga, mama! Mbele yetu!"

Pwaaa! Chewa akataga! Na lile tone likasambaa majini: Jongoo pwaa, Chaza pwaa, Kiti cha Pweza pwaa, foleni nzima! Maji yakawa meupe kama tui la nazi. Vigelegele!

Chewa akaachama ale, akasita. Mayai yamechanganyika. Lipi la Chaza? Lipi lake? "Wanangu!" akalia, akafumba domo, pu! Akashinda siku ile akifukuza samaki vibua wenye njaa, akiyalinda yote.

Hadithi ikikolea chumvi, ni yenu; ikiwa chapwa, nirudishieni mwenyewe. Na funzo, wanangu, lishikeni vizuri: ukitaka kula watoto wa jirani, usianze na mchuzi.